Tamko la Wenye Nyumba za Kupangisha wa Mombasa Kuhusu Malimbikizo ya Kodi, Diposti na Kufurushwa kwa Wapangaji

Sisi, wanachama wa chama cha wenye nyumba za kupangisha katika Kaunti ya Mombasa, wenye vyumba, ploti na nyumba za ghorofa kutoka Likoni hadi Mtopanga na kutoka Majengo hadi Mikindani, tumekutana, tumejadiliana na kukubaliana. Tunatoa tamko hili kwa wapangaji wetu, kwa wenye nyumba wenzetu walio ndani na nje ya chama, na kwa Bunge, Mahakama, Serikali ya Kaunti, polisi, machifu na wazee wa mitaa.

Neno letu kuu ni hili. Mwenye nyumba anastahili kodi yake yote, lakini hana njia halali ya kuipata kwa kung'oa mlango, kuezua mabati, kubadilisha kufuli au kukata maji. Anayefanya hivyo huishia kukosa kodi, kushindwa kesi na kutuharibia jina sote. Kwa hiyo tumejiwekea utaratibu wa kudai kodi, kutunza diposti na kumtoa mpangaji, na tumekubaliana kuadhibiana wenyewe kwa wenyewe kabla ya kumnyooshea mpangaji kidole.

1. Hali ilivyo

Malimbikizo ya kodi hapa Mombasa yana misimu yake, na kila mwenye nyumba mzoefu anaijua. Kuanzia Aprili hadi Juni watalii hupungua na mvua za masika huanza. Hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu hupunguza vibarua na kuwapa wengine likizo bila malipo. Mhudumu aliyekuwa akilipa kodi tarehe tano bila kukumbushwa huanza kuchelewa mwezi Mei, na Juni anaomba asubiriwe. Kisha huja Januari, shule zinafunguliwa, na kodi inashindana na karo na sare. Huko Changamwe, Jomvu na Miritini tumeona jambo jingine. Reli ya SGR ilipoanza kubeba makontena mwaka 2018, madereva wa malori, mautingo, makanika na mama wauza chakula waliokuwa wakitegemea barabara walipungukiwa na kazi. Uamuzi wa mwaka 2022 wa kurudisha uondoshaji wa mizigo katika bandari ya Mombasa ulileta nafuu, lakini deni la nyumba lililokwisha kurundikana halikufutika kwa sababu ya uamuzi huo.

Haya tunayasema ili ieleweke kwamba si kila mwenye deni ni mkaidi. Wako wakaidi, nao tutawataja mbele. Walio wengi, hata hivyo, ni watu ambao kipato chao huja kwa mawimbi huku kodi ikidaiwa kila mwezi kwa kiasi kilekile.

Mwenye nyumba naye ana mzigo wake. Wengi wetu hatuna majumba ya kifahari. Wako wastaafu wa bandari na wa reli waliojenga vyumba sita kwa kiinua mgongo, wako wajane, na ziko familia zilizorithi nyumba moja ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na choo uani, ambayo kodi yake hugawanywa kwa warithi wanane. Katika Majengo na sehemu nyingi za Kisauni na Changamwe, wengi tuna nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zetu, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, naye tunamlipa kodi ya ardhi. Tunajua vyema maisha ya kuishi chini ya mapenzi ya mwenye mali, kwa kuwa sisi wenyewe tunayaishi.

Juu ya hayo kuna serikali. Tangu Januari 2024, anayepata kodi ya nyumba za makazi kati ya shilingi 288,000 na shilingi milioni 15 kwa mwaka hulipa Mamlaka ya Ushuru asilimia 7.5 ya jumla ya kodi anayopokea, kabla ya kutoa gharama yoyote, na hutakiwa kulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Bado kuna ada za ardhi za kaunti, bili ya maji, kunyonya choo, rangi, na mabati yanayoliwa na chumvi ya bahari. Mpangaji mmoja asipolipa miezi mitatu katika nyumba ya vyumba sita, kuna mrithi anayekosa fungu lake.

2. Mkataba na risiti

Ugomvi mwingi unaoletwa mbele ya chama hiki hauanzii kwenye deni. Unaanzia siku ya kuhamia, pale mambo yalipokubaliwa kwa mdomo na kila mmoja akaondoka na kumbukumbu yake. Kwa sababu hiyo tumekubaliana yafuatayo:

(a) Kila mwanachama atampa mpangaji mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, hata kama ni wa ukurasa mmoja. Utataja kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, kiasi cha diposti, huduma zilizo ndani ya kodi, yaani maji, taka, taa za nje na usafi wa choo, pamoja na nambari ya simu au akaunti moja tu ya kupokea malipo.

(b) Siku ya kukabidhi funguo, mwenye nyumba na mpangaji watakagua chumba pamoja na kuandika hali ya mlango, kitasa, madirisha, sinki, soketi na rangi. Picha zitapigwa, na kila upande utabaki na nakala.

(c) Kila malipo yatapewa risiti, hata ya nusu kodi. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba pesa zilitumwa, lakini hausemi ni za mwezi gani. Risiti lazima iseme.

(d) Nyumba ya urithi itakuwa na mpokeaji mmoja wa kodi, aliyeteuliwa kwa maandishi na warithi wote. Mpangaji aliyemlipa mpokeaji huyo amelipa. Warithi wakigombana, waende kwa Kadhi au kwenye mahakama inayohusika, na wamwache mpangaji alale. Hatutakubali tena kuona mtu akidaiwa kodi ya mwezi mmoja mara mbili na ndugu wawili.

(e) Keateka au msimamizi wa ploti hatapokea pesa taslimu wala kutoa notisi kwa jina lake mwenyewe. Akikosea, aliyemwajiri ndiye atakayejibu.

3. Malimbikizo ya kodi

Deni la nyumba likishughulikiwa katika siku thelathini za kwanza, mara nyingi hulipika. Likiachwa hadi mwezi wa nne, huwa kubwa kuliko mshahara, na mpangaji huanza kutafuta mkokoteni wa kuhama usiku. Mwenye nyumba anayenyamaza miezi mitatu kisha akazuka na hasira siku moja, naye ana sehemu yake ya lawama.

Utaratibu wetu utakuwa huu. Siku ya tano baada ya tarehe ya kulipa, mwenye nyumba atatuma ujumbe wa kukumbusha, wa adabu, kwa mpangaji mwenyewe. Hautatumwa kwa mwajiri wake wala kwa kundi la WhatsApp la ploti. Siku ya kumi na tano watakutana ana kwa ana. Mpangaji ataeleza hali yake na wataandika mpango wa kulipa. Mwezi ukiisha bila malipo wala mazungumzo, itatolewa barua ya madai yenye hesabu kamili: mwezi gani, kiasi gani, kilicholipwa na kilichobaki.

Mpango wa kulipa uwe ni ule unaoweza kutekelezeka. Tuseme mpangaji wa chumba cha shilingi 6,000 ana deni la miezi miwili, shilingi 12,000. Akilazimishwa kulipa yote kwa mkupuo pamoja na kodi mpya, ataahidi kwa woga kisha atashindwa. Akikubaliana kulipa 8,000 kila mwezi, yaani kodi yake na 2,000 za deni, baada ya miezi sita atakuwa amemaliza, na mwenye nyumba hatakuwa amekaa na chumba kitupu. Kumtoa mpangaji nako kuna gharama: chumba kikikaa miezi miwili bila mtu, kikapakwa rangi na kufungwa kitasa kipya, hasara inaweza kuzidi deni lenyewe. Hii ni hesabu ya biashara, na tunawataka wanachama waifanye kabla ya kukasirika.

Mwanachama hatakataa malipo ya sehemu ili deni likue apate sababu ya kumtoa mtu. Hatatoza faini ya kuchelewa ambayo haikuandikwa katika mkataba. Wala hatapandisha kodi kwa mpangaji mwenye deni kama njia ya kumfukuza kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu kukamata mali, Sheria ya Ukamataji wa Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, ipo, lakini haimruhusu mwenye nyumba kuingia chumbani na kubeba televisheni. Kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni, anayefuata masharti yaliyowekwa. Kwa nyumba zilizo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, hata dalali hawezi kukamata chochote bila ruhusa ya Jopo la Udhibiti wa Kodi. Mwanachama atakayejichukulia godoro, jiko la gesi, cherehani au simu ya mpangaji, au atakayefungia vitu vyake stoo kama rehani, ajue kwamba chama hakitamtetea akishtakiwa kwa wizi.

4. Diposti

Hapa ndipo wapangaji wanapotulalamikia zaidi, na wengi wao wana haki. Diposti ni pesa ya mpangaji iliyowekwa kwa mwenye nyumba kama dhamana ya kodi na ya uharibifu. Inabaki kuwa ya mpangaji hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Mwenye nyumba aliyeitumia kununua saruji amekopa, na dawa ya deni ni kulipa.

Tumeazimia hivi:

(a) Diposti ya nyumba ya makazi haitazidi kodi ya mwezi mmoja. Diposti za maji na stima zikitozwa, zitaandikwa mbalimbali, na zitarudishwa bili za mwisho zikilipwa.

(b) Diposti zitatunzwa katika akaunti tofauti na pesa za matumizi. Mwenye vyumba viwili anaweza kuzitunza kwa njia yoyote iliyo salama, mradi awe nazo siku zitakapohitajika.

(c) Diposti itarudishwa ndani ya siku kumi na nne tangu mpangaji aliporudisha funguo. Kauli ya "ngoja apatikane mpangaji mpya" tumeipiga marufuku. Mpangaji anayeondoka hana wajibu wa kungojea biashara ya mwenye nyumba.

(d) Kila kinachokatwa kitaandikwa na kuambatanishwa na risiti ya fundi au ya duka. Rangi iliyofifia kwa jua, kitasa kilicholegea kwa miaka na zulia la plastiki lililochakaa ni uchakavu wa kawaida, na gharama yake ni ya mwenye nyumba. Kioo kilichovunjwa, sinki lililopasuliwa na soketi iliyoungua kwa waya za kuungaunga ni uharibifu, na gharama yake ni ya mpangaji.

(e) Nyumba ikiuzwa, muuzaji atamkabidhi mnunuzi diposti zote kwa orodha iliyotiwa saini, na kila mpangaji atapewa nakala. Tumechoka kuona mnunuzi akisema hakupokea kitu na muuzaji amekwisha kuhamia mji mwingine.

Ili hesabu ieleweke, tutoe mfano. Mpangaji aliweka diposti ya shilingi 6,000. Anahama akiwa na baki la kodi la 2,500, na amepoteza funguo, kitasa kimebadilishwa kwa 800. Atarudishiwa shilingi 2,700, pamoja na karatasi yenye hesabu hiyo na risiti ya kitasa. Kama hakubaliani nayo, alete malalamiko yake kwa kamati ya usuluhishi ya chama. Asiporidhika huko, njia ya sheria iko wazi. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000, haimlazimu mdai kuwa na wakili, na sheria yake inataka shauri limalizike ndani ya siku 60. Mwanachama yeyote atakayepelekwa huko kwa diposti aliyokataa kurudisha bila sababu atalipa kutoka mfukoni mwake, na chama hakitamchangia hata shilingi.

Kwa upande wa pili, diposti haikuwekwa iwe kodi ya mwezi wa mwisho. Mpangaji anayeacha kulipa akisema "mtakata kwenye diposti" anamwacha mwenye nyumba bila dhamana pale inapohitajika. Jambo hilo litafanyika tu pande zote mbili zikikubaliana kwa maandishi.

5. Kumtoa mpangaji

Mwanachama anayetaka kumtoa mpangaji aanze kwa kujua nyumba yake iko chini ya sheria ipi, maana Kenya ina njia tatu, na ukipita njia isiyo yako unaanza upya.

Kwanza, nyumba ya makazi ambayo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Mpangaji wake hawezi kutolewa bila amri ya Jopo la Udhibiti wa Kodi. Jopo hutazama sababu zilizotajwa na sheria, ikiwemo kodi isiyolipwa, na hujiridhisha kwamba ni haki kutoa amri hiyo.

Pili, duka, hoteli au mkahawa ambao upangaji wake haukuandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, uko chini ya Sura ya 301. Hapo notisi ni ya miezi miwili au zaidi, kwa fomu iliyowekwa na sheria, nayo itaje sababu. Kutolipa kodi kwa miezi miwili, au kuchelewa kuilipa mara kwa mara, ni sababu inayotambuliwa. Mpangaji ana haki ya kupinga mbele ya Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, na akipinga, notisi haifanyi kazi hadi shauri liamuliwe.

Tatu, nyumba nyingine za makazi, ambazo ndizo vyumba vingi vya leo, zinaongozwa na mkataba na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Upangaji wa mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, inayomalizika siku ya kulipa kodi. Anayetaka kuvunja mkataba kwa sababu ya kodi isiyolipwa hutoa notisi inayotaja kosa na kumpa mpangaji nafasi ya kulirekebisha. Notisi ikiisha na mpangaji akakataa kutoka, mwenye nyumba huenda mahakamani. Hapewi ruhusa ya kuwaita vijana wa mtaani.

Katika njia zote tatu, mambo haya ni mwiko kwa mwanachama wa chama hiki:

kung'oa mlango au dirisha; kuezua paa; kufunga chumba kwa kufuli mpya huku vitu vya mpangaji vikiwa ndani; kukata stima au maji; kutupa vyombo nje; kutumia polisi, chifu au mzee wa mtaa kama mkusanya kodi; kumtoa mtu usiku; na kumtukana au kumtangaza mpangaji mbele ya watoto wake.

Kuhusu maji tunasema zaidi. Mombasa ina uhaba wa maji ambao kila mtu anaujua, na katika ploti nyingi mita moja huhudumia vyumba vyote. Mwenye nyumba anayefunga mfereji ili kumbana mdeni mmoja anawaadhibu wapangaji tisa waliolipa, na kuwapeleka kununua mitungi ya mkokoteni kwa kosa lisilo lao. Isitoshe, choo cha pamoja kisicho na maji kwa siku tatu ni kipindupindu kinachongoja nafasi.

Na kuhusu mabati: Mei ni mwezi wa mvua kubwa pwani, na ndio mwezi ambao madeni ya wafanyakazi wa hoteli hufikia kilele. Anayeezua paa Mei anaharibu vitanda, madaftari ya shule na kuta za nyumba yake mwenyewe. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha, na kifungu cha 40 kinalinda mali. Mwenye nyumba anayetaka mahakama imlinde kwa kifungu cha 40 hawezi kufika mbele ya hakimu akiwa amekanyaga cha 43.

6. Nidhamu ndani ya chama

Ahadi ni deni, na tamko lisilo na adhabu ni maneno tu. Mwanachama atakayevunja masharti haya ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu na mpangaji atasikilizwa. Akipatikana na kosa, atatakiwa kurudisha mlango, maji, stima au mali aliyochukua ndani ya siku moja, na kulipa hasara. Akikataa, jina lake litafutwa katika orodha ya wanachama, na kamati itampa mpangaji barua ya ushahidi ya kupeleka mahakamani. Anayerudia atafutwa moja kwa moja.

Kamati ya usuluhishi itakuwa na wajumbe kutoka pande zote mbili, wenye nyumba na wapangaji, na wanawake wasiopungua theluthi moja. Haitatoza ada. Kazi yake ni kupatanisha. Haina mamlaka ya kumtoa mtu ndani ya nyumba, na haitajifanya mahakama.

7. Kwa wapangaji wetu

Tumeeleza makosa yetu. Sasa sikilizeni ya kwenu.

Semeni mapema. Mpangaji anayepiga simu tarehe mbili kusema mshahara umechelewa ana nafasi kubwa ya kusikilizwa kuliko anayezima simu hadi tarehe ishirini. Kodi ni sehemu ya mapato ya familia nyingine, na ukimya wenu huwa njaa kwetu.

Msihame usiku. Anayeacha deni Bamburi na kwenda kupanga Likoni hajaepuka chochote, kwa kuwa deni halifi kwa kubadilisha mtaa, na linaweza kudaiwa mahakamani popote alipo. Anayetaka kuondoka akiwa na deni aje, tuandikiane, aondoke mchana na vyombo vyake vyote.

Msipangishe chumba kwa mtu mwingine bila ruhusa. Msiunge stima kwa njia ya hatari. Msikatae fundi kuingia kurekebisha, kisha mlalamike kwamba paa linavuja. Na anayefanya kazi ya msimu atuambie siku ya kuhamia. Wanachama wamekubali kwamba mfanyakazi wa hoteli anayeweza kulipa zaidi Agosti na Desemba aruhusiwe kuweka akiba ya kodi ya Mei na Juni kwa mwenye nyumba, kwa risiti. Huo ni mpango unaoufaa mji wetu, na unazuia deni kabla halijazaliwa.

Kwa wakaidi, yaani wenye uwezo wa kulipa wanaojua kwamba kesi huchukua muda na wanaotumia ucheleweshaji huo kuishi bure, tunasema wazi: tutawafuata kwa sheria hadi mwisho. Upole wetu tumeutengea aliyekwama.

8. Kwa Serikali, Bunge na Mahakama

Mwenye nyumba akiambiwa afuate sheria, sheria nayo lazima ifike alipo. Tunaomba mambo yafuatayo:

(a) Bunge lisogeze kiwango cha shilingi 2,500 katika Sura ya 296. Kiwango hicho kimebaki palepale kwa miongo kadhaa huku kodi zikipanda, na matokeo yake ni kwamba wapangaji maskini wengi wa leo wako nje ya jopo lililoundwa kwa ajili yao. Mpangaji wa chumba cha shilingi 4,000 na mwenye nyumba wake hupelekwa kwenye mahakama ya kawaida, yenye gharama na foleni, kwa mzozo wa shilingi 8,000.

(b) Sheria tatu, Sura za 293, 296 na 301, ziunganishwe kuwa moja inayosomeka na mtu wa kawaida. Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa mwaka 2021 ulilenga hilo. Mswada mwingine ukija, uweke muda maalumu wa kuamua kesi za malimbikizo, uweke kanuni za kutunza na kurudisha diposti, na utangaze adhabu kwa anayemtoa mtu kwa nguvu. Tunataka sheria inayotubana sisi, mradi iamue haraka.

(c) Mahakama iongeze vikao vya majopo hapa Mombasa, ikiwemo vikao vya kuzunguka Kisauni, Likoni na Changamwe, na itoe fomu zake kwa Kiswahili. Mwenye nyumba mzee asiyejua Kiingereza hapaswi kumlipa mtu wa kumjazia fomu ya kudai kodi ya chumba kimoja.

(d) Polisi wakipata ripoti ya mlango uliong'olewa wasiseme "hayo ni mambo ya nyumba, kasikilizaneni". Na wakiombwa na mwenye nyumba kumtoa mtu bila amri ya mahakama, wakatae.

(e) Serikali ya Kaunti ishughulikie maji na uzoaji taka kwa ada tunazolipa, kwa kuwa sehemu ya madeni yanayogombaniwa ni bili za huduma ambazo hazikutolewa.

(f) Serikali ya Kitaifa na Kaunti zimalize suala la nyumba bila ardhi kwa makubaliano yanayomlinda mwenye jengo, mwenye ardhi na mpangaji anayeishi ndani. Mwenye ardhi akimfukuza mwenye jengo, wapangaji wa vyumba vyote hufukuzwa siku hiyohiyo, hata wale ambao hawadaiwi senti.

9. Hitimisho

Tamko hili linaanza kutumika kwa wanachama wote siku ya kutolewa kwake. Nakala zitabandikwa katika kila ploti ya mwanachama, mahali ambapo mpangaji anaweza kuzisoma bila kuomba ruhusa.

Wenye nyumba wenzetu mlio nje ya chama, jiungeni nasi, au angalau fuateni masharti haya. Wapangaji, daini risiti, daini nakala ya mkataba, na lipeni kwa wakati. Aliye na deni leo aende kwa mwenye nyumba wake wiki hii akiwa na kiasi chochote alicho nacho na pendekezo la kulipa lililobaki. Na mwenye nyumba aliyeshika diposti ya mtu aliyekwisha kuhama airudishe kabla ya kudai kodi ya mwingine.

Limetolewa Mombasa kwa niaba ya wanachama wote na:

Mwenyekiti
Katibu
Mweka Hazina
Mwakilishi wa Wapangaji katika Kamati ya Usuluhishi